Jibu: Hiyo -n ya Kiesperanto, wapi inaingia na wapi haiingii

Salaam ndugu. Kwa hivyo unajifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, na umekwama kwenye -n ya mwisho wa neno, inayoonyesha kinachotendwa; unasahihishwa kila ukiandika "Mi estas instruiston".

Kwanza angalia kitenzi. Mimi huitafsiri sentensi kwa Kiswahili kisha naijaribu katika kauli ya kutendwa. "Mi trinkas kafon", nakunywa kahawa. Kahawa yanywewa? Ndiyo, basi weka -n. "Mimi ni mwalimu" haigeuziki hivyo, kwa hiyo baada ya estas huiweki: "Mi estas instruisto". Nilirudia kosa hilo wiki nzima nikijisomea kwenye foleni ya feri Likoni, kwa hivyo usijilaumu.

Sifa nayo huchukua -n pamoja na jina lake: "bonan kafon", kahawa nzuri. Upatanisho huu tayari unaufahamu, si tunasema "kitabu kizuri" na "vitabu vizuri"?

Baada ya kihusishi, kama "en" (katika), kwa kawaida huiweki, ila ikionyesha kuelekea: "en la urbo" ni uko mjini, "en la urbon" ni waingia mjini. Hapo bado huniponyoka nikizungumza haraka.

Matamshi yasikutishe, mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu.

Ulipouliza kama kuna wa kuongea naye: Zamenhof aliitoa lugha hii mwaka 1887, na kongamano lake la dunia la 2024 lilifanyika Arusha. Kutoka Mombasa hapo ni safari ya basi tu. Nyumbani kwangu lakini, naongea na paka.