Kafyu iliisha, mazoea yakabaki

SWALI: Kabla ya kafyu ya korona ya 2020 mume wangu alitembea kila jioni. Akaacha, akazoea chai na mahamri mbele ya televisheni hadi leo. Juzi alipimwa sukari kabla ya kula: 6.4. Je, ni kisukari? Msomaji, Mombasa

JIBU: Bado, dada. Kisukari huanzia 7.0, kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na sasa ndio wakati wa kuuwahi ugonjwa. Kafyu ilianza saa moja jioni, ikamnyima matembezi yake. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari ya damu hata insulini, homoni inayoitoa sukari damuni, ikiwa dhaifu. Akikaa tu, sukari hubaki damuni. Aanze na dakika 10 baada ya chajio, hata uani, aongeze polepole hadi 30, siku 5 kwa wiki. Wengi huanza na saa nzima, magoti yakauma, wakaacha.

Chai nayo! Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni karibu gramu 50 za sukari, kabla hajagusa mahamri. Apunguze nusu kijiko kila wiki; ulimi utazoea. Arudie kipimo baada ya miezi mitatu, akiwa hajala kwa saa 8, maji tu. Akiona kiu isiyokatika au kukojoa usiku mara kwa mara, asingoje.