Maswali ya Wasomaji: Mji Ulioshonwa kwa Ukili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mpenzi wa kandanda. Msimu ule wa 2023/2024, Luton Town walipokuwa Ligi Kuu ya Uingereza, mtangazaji mmoja alizoea kuwaita "Watengeneza Kofia". Rafiki yangu anasema waliitwa hivyo kwa kuwa zamani wanaume wa mji huo walikuwa mafundi wa kofia, na wake zao walikaa nyumbani kulea watoto. Je, ni kweli? Na wanaume na wanawake wa mji kama huo walifanya kazi gani hasa? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amelipata jina lakini amewakosa wenye jina. Luton, mji wa jimbo la Bedfordshire ulio yapata kilomita 50 kaskazini ya London, ulijulikana katika karne ya 19 kwa kofia za mabua ya ngano, na mikono iliyoyasuka mabua hayo na kuyashona kuwa kofia ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, mikono ya wanawake na watoto. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1885, na hapo mwanzo iliitwa pia "Wasuka Mabua", jina ambalo siku hizi halisikiki sana, ingawa kwa maoni yangu lilikuwa la haki zaidi kuliko hili lililobaki.

Aliyewahi kumwona bibi wa Pemba au wa Lamu akisuka ukili wa mkeka hatapata taabu kuielewa kazi hiyo. Ni kusuka utepe mrefu mwembamba, kisha kuuzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo. Kilichotofautiana ni malighafi: badala ya miyaa au ukindu, wanawake wa Bedfordshire na majimbo ya jirani walitumia bua la ngano, ambalo katika udongo wa chokaa wa huko lilitoka refu, jembamba na lenye kung'aa. Bua lilikatwa katikati ya vifundo, likapangwa kwa unene, kisha likachanwa kwa kidude ambacho hakikuzidi ukubwa wa kidole. Kilikuwa na ncha iliyochongoka, na nyuma ya ncha hiyo visu vidogo vilivyotawanyika kama njiti za gurudumu. Ncha iliingizwa katika tundu la bua, bua likasukumwa, na upande wa pili zikatoka chane zilizolingana. Chane hizo zilipitishwa katika kinu kidogo cha magogo mawili ya mbao, ambacho nyumba nyingi zilikitundika karibu na mlango, ili zilainike na kulala bapa.

Chane kavu hukatika zikikunjwa, kwa hiyo ilibidi zilowekwe, na njia ya haraka ilikuwa mate. Msukaji alibana mafungu ya chane kwapani, akatia chane chache mdomoni, akawa anazichomoa moja moja huku vidole vikienda bila kutazamwa. Kwa sababu hiyo aliweza kusuka akitembea barabarani au akizungumza na jirani mlangoni. Kwa sababu hiyo hiyo pia pembe za midomo ya wasukaji zilichanika na kufanya vidonda. Ukili uliokamilika uliuzwa kwa yadi 20, yaani korija moja, kama wenyeji wa pwani yetu walivyohesabu nguo. Soko la ukili la Luton lilikuwa siku ya Jumatatu, na kwa miaka mingi lilifanyika mtaani, mvua inyeshe isinyeshe, hadi mwaka 1869 yalipojengwa majumba maalumu ya kuuzia.

Biashara hiyo ilinenepa kutokana na vita. Kabla yake, ukili bora na kofia nzuri zilitoka Toscana, Italia, kupitia bandari ya Livorno. Uingereza ilipopigana na Ufaransa, vita vilivyoanza 1793 na kwisha kabisa 1815, bidhaa za Italia zikawa adimu na ghali, na wasukaji wa Bedfordshire wakapata nafasi ambayo hawakuiachia kwa miongo mingi.

Sasa, wanaume walikuwa wapi? Hawakukosekana katika kofia, lakini walishika ncha mbili za kazi. Mwanzoni walikuwapo wachuuzi wa mabua na wa ukili, wapaushaji na watia rangi. Mwishoni, kofia ikishatoka mikononi mwa mshonaji ikiwa laini na isiyo na umbo, ilitiwa gundi, ikavikwa kwenye faruma ya mbao na kupigwa pasi ya moto mpaka ikakaa sawa, na kazi hiyo nzito yenye joto na mvuke ilihesabiwa kuwa ya kiume. Kulikuwa na wachonga faruma, maseremala wa masanduku ya kusafirishia, na wenye viwanda, ambao karibu wote walikuwa wanaume. Katikati yao, pale kofia ilipoanzia utosini na kushonwa duara juu ya duara hadi ukingoni, walikaa wanawake. Nje ya kofia, wanaume wa Luton walifanya kazi za mji wowote wa Kiingereza wa wakati ule: vibarua wa mashamba yaliyouzunguka mji, wafyatua matofali, wahunzi, washona viatu, waoka mikate, wapika bia na, baada ya reli kufika mwaka 1858, wafanyakazi wa reli.

Jambo linalopindua maneno ya rafiki yako ni pesa. Katikati ya karne, kibarua wa shamba wa sehemu zile alipata shilingi 10 hadi 12 kwa wiki, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Mshonaji hodari, msimu wa kofia ulipopamba moto, aliweza kuleta nyumbani zaidi ya mumewe. Hata hivyo msimu haukuwa wa mwaka mzima: ulianza baada ya Krismasi na kupungua kuelekea katikati ya mwaka, kwa kuwa kofia za mabua ni za kiangazi. Wasichana wa vijijini walihamia mjini kwa miezi hiyo, wakapanga vyumba, wakashona hadi usiku, kisha wakarudi kwao. Waheshimiwa wa enzi hizo, makasisi na wakaguzi wa serikali wakiwamo, waliandika malalamiko mengi kwamba wasichana hawa wanapenda mavazi, wana kiburi na hawajui kupika. Mimi nikiyasoma malalamiko hayo nasikia zaidi sauti ya watu waliotaka mfanyakazi wa ndani wa bei rahisi wakamkosa, kwa sababu kwingineko Uingereza utumishi wa nyumbani ndio uliokuwa kazi kubwa kuliko zote kwa wanawake, na mwaka 1851 watumishi wa nyumbani nchini humo walipita milioni moja.

SWALI: Mhariri, tunajuaje leo kwamba mwanamke fulani wa miaka 150 iliyopita alikuwa mshonaji au dobi? Nimeona katika kumbukumbu za zamani za Kiingereza nafasi ya kazi ya mke imeachwa tupu. Je, ina maana hakufanya kazi? — Mwalimu wa historia, Kisumu.

JIBU: Mwalimu, swali lako ni zuri, na jibu fupi ni hapana. Chanzo kikuu ni sensa. Uingereza ilianza kuhesabu watu mwaka 1801, lakini ni sensa ya 1841 iliyoanza kuhifadhi jina la kila mtu pamoja na kazi yake, na ile ya 1851 ikaongeza uhusiano wake na mkuu wa kaya. Makarani wa 1841 walielekezwa kwamba haikuwa lazima kuandika kazi ya mke, wala ya mwana au binti anayewasaidia wazazi bila mshahara. Mke wa mwoka mikate aliyeamka usiku kukanda unga na kuuza dukani hadi jioni aliachwa mtupu katika karatasi, na aliyechukua nguo za watu kufua siku mbili kwa wiki mara nyingi yalimpata hayo hayo.

Kinachoifanya Luton ipendeze kwa mtafiti ni kwamba huko nafasi za wanawake zimejaa. Kwa kuwa kazi yao ililipwa taslimu na kila mtu aliijua kwa jina, makarani waliiandika: msuka ukili, mshona kofia, mara nyingine mama na binti zake wanne chini ya paa moja. Katika sensa ya 1871, wasuka ukili wa kike katika jimbo zima la Bedfordshire walikuwa zaidi ya 20,000.

Ukiwafundisha wanafunzi wako, waonyeshe pia safu ya umri. Watoto walianza kusuka wakiwa na miaka minne au chini yake, katika kile kilichoitwa shule za kusuka: chumba cha nyumba ya mtu, watoto wamebanana, na mwalimu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuhakikisha kila mmoja anamaliza yadi alizopangiwa na mama yake. Kusoma kulikuwa kidogo sana. Sheria ya karakana ya mwaka 1867 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka minane, lakini kilichoziua shule hizo hasa ni shule za kweli, zilizoenea baada ya sheria ya elimu ya 1870 na kuwa za lazima kuanzia 1880.

SWALI: Kofia hizo ziliishia wapi? — Msomaji yule yule wa Morogoro, kwa ujumbe wa simu.

JIBU: Usukaji ulikufa kabla ya ushonaji. Kuanzia miaka ya 1870 meli zilileta ukili wa China, baadaye na wa Japani, kwa bei ambayo mama wa kijijini Bedfordshire hakuweza kushindana nayo, na kufikia 1901 wasukaji wa jimbo lile hawakufika hata elfu moja. Viwanda vya mjini havikujali ukili unatoka wapi. Vilinunua ule wa bei nafuu, vikaweka cherehani zilizobuniwa kwa ajili ya mabua, vikaendelea. Tatizo la Luton mwishoni mwa karne likawa geni: mji wenye kazi tele za wanawake na chache mno za wanaume. Wakuu wa mji wakaanza kutafuta viwanda vingine vya kuwaajiri wanaume, na mwaka 1905 kampuni ya magari ya Vauxhall ikahamia hapo kutoka London.

Uwanja wa Luton Town pia ni wa mwaka huo wa 1905, na mashabiki wageni huuingia kwa kupita chini ya vyumba vya nyumba za watu, wakiona nguo zimeanikwa uani.