Ngiri ya mama imerudi: kwa nini kushona tu hakutoshi

Pole sana dada, na mpe mama pole. Umeuliza kwa nini safari hii daktari hataki kushona tu, anataka kutenganisha misuli ya tumbo na kuweka wavu wa kuuimarisha ukuta wa tumbo. Kwa ngiri ya kwenye kovu la upasuaji wa tumbo ambayo imesharudi mara mbili, namuunga mkono. Tundu la kwenye ukuta wa tumbo likiwa pana, ukilivuta kwa nyuzi peke yake kingo hukazwa mno, nyuzi hukata nyama, ngiri hurudi. Ndiyo maana mwaka 1990 daktari wa upasuaji Ramirez na wenzake walieleza namna ya kuachanisha tabaka za misuli ya ubavuni ili ya katikati isogee ikutane bila kulazimishwa. Mwaka 2012 daktari mwingine wa upasuaji, Novitsky, na wenzake wakaeleza njia ya nyuma, kwa kuachia msuli wa ndani kabisa wa ubavuni. Ngozi haichunwi sana, na wavu hukaa nyuma ya misuli pasipo kugusana na utumbo. Muulizeni atatumia ipi, na ameshafanya ngapi.

Kama mama anavuta sigara, aache angalau mwezi mmoja kabla. Sukari nayo idhibitiwe. Kwa hilo ningekubali hata kuahirisha upasuaji. Lakini uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma sana au akaanza kutapika, msisubiri tarehe: mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.