Ukitafiti mtangamano wa Afrika Mashariki, anza na misamaha

Katika miaka ya kusoma na kusimamia tafiti kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, nimezoea kupokea mapendekezo ya utafiti yanayofanana kama yametoka kwa mwandishi mmoja. Ukurasa wa kwanza unaeleza kwamba mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Wa pili unazipanga hatua nne, yaani Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha na shirikisho la kisiasa. Wa tatu unaahidi kuchunguza "fursa na changamoto". Hakuna kosa lolote katika kurasa hizo, lakini mtafiti anapofika uwanjani hujikuta hana cha kuuliza, kwa sababu kila ofisa anaweza kumtajia fursa tatu na changamoto tatu bila hata kuinua macho kwenye kompyuta yake.

Ushauri ninaowapa wanafunzi ni kuchagua kanuni moja tu ya Jumuiya, kisha kutafuta ni nani ameruhusiwa asiifuate, kwa muda gani, na aliombewa na nani. Kanuni inakueleza nchi zilikubaliana nini siku ya kutia saini, ilhali msamaha unakueleza kile ambacho kila serikali haikuwa tayari kukipoteza.

Chukua mchele. Kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa forodha, mchele umo katika orodha ya bidhaa nyeti, na unaotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Ukiishia hapo utaandika kwamba wakulima wa Mbeya, Mwea na kwingineko wanalindwa na ukuta mmoja. Lakini fungua Gazeti la Jumuiya, yaani chapisho lake rasmi la kisheria, linalotolewa mwishoni mwa Juni, na utakuta majedwali marefu, nchi kwa nchi, yenye namba za bidhaa, maelezo yake na kiwango kitakachotumika badala ya kile cha pamoja kwa mwaka mmoja. Humo utaikuta Kenya, mwaka baada ya mwaka, ikiruhusiwa kutoza mchele asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Ukiuliza sababu utafika Pakistani, ambayo huiuzia Kenya mchele na hununua chai yake kwa wingi. Mstari mmoja wa jedwali unakupa mkulima wa mpunga, mwenye shamba la chai, mlaji wa Nairobi na mfanyabiashara wa Kitanzania anayetafuta soko upande wa pili wa mpaka, na tayari una tasnifu.

Majedwali hayo hayavutii kuyasoma, nakiri, na pengine ndiyo maana wengi huyaruka. Usiyaruke. Weka pamoja magazeti ya miaka kadhaa, ujaze mwenyewe lahajedwali lenye nchi, bidhaa, kiwango cha pamoja, kiwango kilichoombwa na idadi ya miaka ambayo ombi limerudiwa. Msamaha wa mwaka mmoja unaorudiwa bila kukoma umekwisha kuwa sera, hata kama hakuna waziri atakayeuita hivyo. Linganisha pia kipindi cha kabla na baada ya Julai 2022, wakati ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, ya asilimia 35, ilipoongezwa juu ya zile za 0, 10 na 25, uone kama maombi yalipungua au yalihamia kwenye bidhaa nyingine.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya kwanza uliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu baadhi ya bidhaa za viwandani zilizotoka Kenya, ili viwanda vyao vichanga vipate pumzi. Umoja wa Forodha wa sasa ulipoanza Januari 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipiwa ushuru zikiingia Uganda na Tanzania, ukipungua hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Dibaji ya mkataba wa 1999 yenyewe inataja mgawanyo usio sawa wa manufaa miongoni mwa sababu zilizoiua Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba misamaha ni utovu wa nidhamu tu anapaswa kwanza kutuonyesha kuwa Jumuiya ingeweza kudumu bila hiyo. Mimi sijashawishika, ingawa najua wenzangu wachumi wana hoja nzito.

Kuhusu nadharia sitasema mengi. Mchumi Jacob Viner alituachia swali zuri la mwaka 1950, kama umoja wa forodha unazalisha biashara mpya au unaihamisha tu kutoka kwa muuzaji wa bei nafuu kwenda kwa jirani wa bei ghali, na swali hilo bado linafaa. Ngazi za mchumi Béla Balassa, yaani hatua za mtangamano zinazofuatana kama zile nne nilizotaja mwanzoni, kwa upande mwingine, zimetumika kupita kiasi, kwani zinamfanya mtafiti aamini kwamba nchi hupanda zikiwa zimeshikana mikono, wakati ibara ya 7 ya mkataba wetu inaruhusu baadhi ya nchi kutangulia, na Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa maoni mwaka 2009 kwamba kanuni hiyo haipingani na sharti la nchi zote kuamua kwa maafikiano. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi, na viambatisho vyake vinaonyesha kila nchi ilifungua milango kwa wafanyakazi wa aina gani na kuanzia lini. Wanaonukuu itifaki ni wengi, lakini wanaofungua viambatisho ni wachache.

Ukifika kwenye takwimu, linganisha kila mara pande mbili za biashara ileile. Nchi inayouza kwa kawaida hurekodi thamani ya mzigo bila nauli na bima, na inayonunua hurekodi pamoja navyo, kwa hiyo namba ya mnunuzi inatarajiwa kuwa kubwa kidogo. Ikiwa ndogo, au ikizidi mno, hapo pana jambo la kuuliza. Biashara ndogo ya mipakani mara nyingi haimo kabisa. Uganda ni mfano wa kuigwa, kwa kuwa Ofisi yake ya Takwimu na Benki Kuu hufanya tafiti za biashara isiyo rasmi mipakani.

Kisha nenda mpakani, na usiishie kwa wakuu wa vituo. Wakala wa forodha ndiye anayejua msamaha unavyofanya kazi. Mwombe akuonyeshe, bila majina ya wateja, nyaraka za mzigo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na uulize kwa nini mwenye mzigo wa chini ya dola 2,000 hakutumia cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa kilichowekwa kwa ajili yake. Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, panafundisha zaidi kuliko vituo vingi: mzigo wa Mtanzania unavuka kwenda Zambia kwa masharti ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na wa Mkenya unapita lango hilohilo kwa masharti ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000.

Vibali vishughulikiwe mapema. Tanzania utahitaji kibali cha COSTECH na Kenya cha NACOSTI, tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, kila kimoja kwa utaratibu wake, maana mtangamano haujafika kwa watafiti. Panga pia mahojiano ya wizarani kwa kufuata kalenda ya bajeti. Mei na Juni maofisa wa fedha na biashara wamo katika vikao vya kuombea misamaha yenyewe na hawana nafasi ya mgeni. Nenda Agosti, ukiwa na Gazeti jipya mkononi na mistari unayotaka kuuliza ikiwa imepigiwa alama, kwa sababu wakati huo aliyelitetea ombi bado anakumbuka lilipingwa na nani.