Jibu: Sheria ya afya ya akili ya 2022 imetufaa nini sisi tunaouguza?

Mwanzilishi wa uzi ameuliza kama ile sheria ya afya ya akili iliyotiwa saini Juni 2022 imewasaidia wanaouguza hapa Kenya, au ni karatasi tu. Mimi nauguza mdogo wangu. Ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, tangu akiwa shule ya upili, na tunaishi Kilifi, ndani huko, mbali na lami. Nijibu kwa niliyoyaona.

Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Iliyokuwepo ilikuwa ya 1989, na iliwaza zaidi habari ya kumlaza mtu hospitali kuliko maisha yake akishatoka. Ukisema ugonjwa wa akili, watu walijua hospitali ya Mathari kule Nairobi, ya tangu 1910, na sisi wa Pwani tulijua wodi ya hospitali ya Port Reitz, Mombasa. Mgonjwa akitulia anarudishwa kijijini, na huko kijijini hakuna kitu kinachomngoja.

Mwaka 2019 serikali iliunda jopo kazi la afya ya akili chini ya Dkt. Frank Njenga, daktari wa akili. Lilisikiliza watu kaunti mbalimbali, na Julai 2020 likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa, iundwe tume, tena nchi ipimwe furaha yake kila mwaka. Hapo kwenye furaha nilicheka peke yangu, maana kipindi kile tulikuwa tunazunguka maduka ya dawa Malindi tukitafuta haloperidol, dawa ya ugonjwa wake. Baadaye mswada wa Seneta Sylvia Kasanga ukapita, ndio huo wa 2022. Umeweka wajibu kwa kaunti kutoa huduma karibu na watu na kuwa na baraza lake la afya ya akili, na umempa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na kuyakubali mwenyewe.

Hilo la mwisho nimeliona kwa macho, na wengi hulipuuza. Zamani tukifika kliniki, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa: anakula? analala? bado anaongea peke yake? Naye kakaa pale pale, anatazama sakafu. Siku hizi afisa wa kliniki anaanza naye. Mara ya kwanza alipoulizwa, alisema sindano inamkaza taya na mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Miaka yote tulidhani anakataa sindano kwa ukaidi. Dozi ikapunguzwa, akaongezewa kidonge cha kuondoa ule ukakamavu, na tangu hapo haburuzwi na mtu kwenda kliniki, anajiendea.

Kuna na hukumu ya Mahakama Kuu ya Januari 2025, iliyosema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile cha kumshtaki aliyejaribu kujiua, kinapingana na katiba. Anayejua familia zilivyokuwa zikimficha mtu hospitalini, zikisema alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, ataelewa uzito wake.

Sasa dawa. Hapa ndipo tunapoumia, na hapa sheria haijafika. Mdogo wangu anachomwa sindano mara moja kwa mwezi. Zahanati ya kwetu haina. Hospitali ya kaunti inayo miezi mingine, mingine unaambiwa kanunue nje. Nauli ya boda na matatu kwa watu wawili, kwenda na kurudi, inazidi bei ya dawa yenyewe. Mwezi ukiruka, ishara ninazijua: kwanza usingizi unapotea, halafu anaanza kutembea usiku, halafu majirani wanamshauri mama kuita mtu wa kupunga pepo. Silaumu majirani. Mganga yuko karibu na anakopesha.

Muuguzi mmoja alinieleza inavyokwenda. Afya ni ya kaunti tangu 2013. Kaunti inaagiza dawa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Deni likipanda, oda inakatwa, na wakikata wanaanza na dawa za akili, kwa sababu wagonjwa wa akili hawaandamani. Mtu wa presha akikosa vidonge atapiga kelele dirishani. Wetu atanyamaza aende zake.

Ndiyo maana sisisimki nikisikia sheria mpya peke yake. Ile ya 1989 ilikataza kampuni za bima kubagua maradhi ya akili, wazi kabisa, na miaka mingi baadaye watu bado wakisoma kwenye mikataba yao kwamba ugonjwa huu haulipiwi. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa vifaa, wetu akaja na mashine ya presha na ya sukari. Alipima mama, akampima na mdogo wangu presha, akaondoka. Inawezekana kufanya zaidi: kaunti ya Makueni, kwenye mradi wa Profesa David Ndetei, mtaalamu wa afya ya akili, wauguzi wa kawaida, wahudumu wa jamii, hata waganga wa kienyeji na wa maombi walifundishwa kumtambua mgonjwa na kumwelekeza kituoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako mwanzilishi: fuata bajeti ya kaunti yako. Makadirio hufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na katiba inataka wananchi wasikilizwe. Usiende kusema "afya ya akili ipewe kipaumbele", wataandika na kusahau. Sisi familia chache tulipeleka barua yenye majina ya dawa, majina ya zahanati tatu tunazotaka ziwekewe dawa hizo, na idadi ya wagonjwa tunaowajua. Karani aligonga muhuri. Majibu bado. Nakala ninayo, anayetaka kuigeuza kwa kaunti yake aniandikie.