Flaiwili iliyong'ang'ania kwenye Evinrude ya zamani

Ndugu, flaiwili, lile gurudumu zito juu ya injini ya boti ya Evinrude, ikikataa kutoka, usiigonge ukingoni wala usiitie pula (kifaa cha kung'olea) ya makucha: ukingo hupinda na sumaku hupasuka. Yataka pula ya bolti tatu, zinazoingia kwenye matundu yenye thredi karibu na kitovu. Thredi za Evinrude na Johnson za kizamani ni za inchi, bolti ya milimita itaziua. Bolti zisiwe ndefu pia, zikipenya chini zitachimba koili za umeme zilizo chini ya flaiwili.

Nati ya katikati usiitoe. Ilegeze hadi iwe sawa na ncha ya krenki, shafti inayobeba flaiwili, ndiyo kinga ya thredi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, ilale hivyo usiku mzima. Mashine za maji ya chumvi kama zetu hapa Mombasa hung'ata kwelikweli. Kaza bolti ya kati ya pula, kisha ipige kichwani pigo moja kavu la nyundo. Ikikataa, ongeza robo mzunguko, piga tena. Kawaida flaiwili huruka kwa kishindo. Moto uwe wa mwisho, kitovuni tu, petroli ikiwa mbali.

Ukirudisha, koni ya krenki (ncha yake iliyochongoka) iwe kavu, grisi marufuku. Kii ya nusu mwezi, kipande cha chuma kinachoshikanisha flaiwili na krenki, ikiwa imeliwa, badilisha, la sivyo taiming ya cheche itahama.