Swali la lugha: "Miadi ya kipofu" ni Kiswahili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Dar es Salaam. Shangazi yangu ameniunganisha na kaka mmoja, mtoto wa jirani yake wa zamani kule Morogoro. Tumeandikiana tu kwenye simu. Hatujawahi kuonana, hata picha yake sina kwa sababu shangazi hakutaka. Jumamosi saa 1 usiku tutakula pamoja katika mgahawa mmoja Mikocheni. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba nina "miadi ya kipofu", akaniuliza ni kipofu gani ninayempeleka kliniki. Mwingine akaniambia niseme "nimeuziwa mbuzi kwenye gunia". Hiki ambacho Waingereza wanakiita "blind date" sisi tunakiitaje? Na je, ujumbe huu uko sawa: "Nitakuwa nikivaa gauni la njano, nitakuwa nikikaa karibu na dirisha"? Halafu ananizidi miaka saba. Nimwamkie shikamoo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako wa kwanza alikusoma sawasawa. Hiyo "ya" uliyoweka katikati inamilikisha, kama katika "fimbo ya mzee" au "kanga ya mama". Kwa hiyo uliyoandika ni miadi ya mtu asiyeona. Tena neno miadi hapa Tanzania limezoea kukaa kwenye kadi za hospitali, pale panapoandikwa siku ya kurudi kwa daktari. Ukiliweka jirani na kipofu, msomaji anaiona kliniki ya macho kabla hajaiona meza ya chakula.

Kuiondoa "ya" ukasema "miadi kipofu" hakusaidii. Kipofu ni neno la kumtaja mtu. Ndiyo maana, ingawa linaanza na ki-, tunasema kipofu amefika na vipofu wamefika, hatusemi kipofu kimefika. Nimekutana pia na "tarehe ya upofu", na hapo hata miadi yenyewe imepotea, kwa kuwa tarehe ni siku ya mwezi basi. Mimi nina sababu nyingine ya kulikataa neno hilo, na hii naishikilia zaidi ya sarufi. Kutomjua mtu si upofu. Watu wasioona wanapeana miadi, wanafika, wanafahamiana kwa sauti na kwa maneno, na wengi wao wanamsoma mtu vizuri kuliko sisi tunaokodoa macho. Tusiwafanye kipimo cha kutojua wakati lugha haijatulazimisha.

Huyo wa mbuzi kwenye gunia usimsikilize kabisa. Msemo huo ni wa mtu aliyekwisha kulizwa: amelipa, amefika nyumbani, amefungua gunia na hakukuta alichoahidiwa. Una mwuzaji tapeli ndani yake. Ukiutumia kabla ya Jumamosi, umemtukana shangazi na umemtukana kaka wa watu ambaye hajakukosea neno.

Sasa tuone tulichonacho. Neno ahadi lina heshima zake. Mtu akikwambia "nina ahadi na mtu saa kumi", hana zaidi ya kusema kwamba wamepanga kuonana. Lakini mwanamume na mwanamke wakisema "tumewekeana ahadi", maneno yanakimbilia kwenye ndoa, na ninyi hamjafika hata kwenye soda. Miadi ni nyepesi zaidi: mnawekeana miadi, mnaitimiza au mnaivunja, na hakuna anayedaiwa mahari. Deti nalo ninalisikia kila siku, Dar na Nairobi, na katika mazungumzo ya vijana sina ugomvi nalo. Tatizo ni kwamba halisemi lile unalotaka kulisema, kwamba hamjuani.

Mtoko ni neno ninalolipenda. Limeundwa kwa njia yetu wenyewe, kutoka kitenzi toka, kama mchezo ulivyotoka kwenye cheza na mwendo kwenye enda. "Jumamosi nina mtoko" ni Kiswahili safi na hakuna atakayekuelewa vibaya. Ila angalia usirudi kwenye kitenzi chake. Ukimwambia mtu "natoka na kaka mmoja wa Morogoro", umetangaza uhusiano. Ndivyo kutoka na mtu kunavyoeleweka sasa, na kuongeza "Jumamosi" mbele yake hakuondoi shaka. Jina linakusitiri, kitenzi kinakuanika. Wasichana wengi wamejikuta wakijieleza kwa wazazi kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo.

Usiseme pia "nakutana na mgeni". Kwetu mgeni ni mtu aliyekuja. Hupokelewa mizigo na kupikiwa. Rafiki yako atakuuliza amefikia wapi na anaondoka lini. Na "mtu baki" ni asiye wa ukoo wako, neno baridi ambalo halimfai mtu unayekwenda kula naye.

Kiini cha swali lako, hata hivyo, ni kule kutoonana, na hapo Kiswahili kimejaliwa kuliko unavyodhani. Kiingereza kimeubandika upofu kwenye miadi. Sisi tunaiacha miadi peke yake na kulisema jambo hilo kwa kitenzi, juu ya watu wenyewe: hatujaonana. Litazame neno hilo polepole. Kuna ona, kuna -ana inayowafunga wawili katika tendo moja, mimi nikuone nawe unione. Halafu kuna -ja-. Hiyo -ja- si ya kukanusha tu. Mkulima anayesema "mvua haijanyesha" bado anatazama mawingu. Anayesema "mvua haikunyesha" amekwisha kufunga hesabu za msimu. Vivyo hivyo "hatujaonana" ina kungojea ndani yake, na "hatukuonana" ni ya kuandika Jumamosi usiku iwapo mwenzako hakutokea, jambo ambalo sikuombei.

Kuna jambo moja la kuangalia. Marafiki wa siku nyingi nao husema "hatujaonana", wakimaanisha tangu mwezi uliopita. Ili pasiwe na utata, ongeza wahi, kama ulivyofanya mwenyewe kwenye swali lako bila kujua kwamba ulikuwa umeshajijibu: "Nina miadi na mtu ambaye hatujawahi kuonana." Hiyo ndiyo sentensi ya kumtumia rafiki yako. Ni ndefu kuliko maneno mawili ya Kiingereza, sawa, lakini haina kipofu, haina gunia, na mtu yeyote kuanzia Lamu hadi Lubumbashi ataielewa.

Kama ni lazima upate jina la kuita, kwa mfano kichwa cha habari, mimi husema "mtoko wa kufahamiana". Wapo wanaosema "wa kujuana", na si kosa, lakini wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba Adamu alimjua Hawa mkewe naye akapata mimba. Kufahamiana hakuna historia hiyo.

Twende kwenye ujumbe wako, maana hapo kosa linaweza kukupotezea mtu mlangoni. "Nitakuwa nikivaa gauni" maana yake wakati anaingia utakuwa katikati ya kulivaa, mkono mmoja umepita na mwingine bado. Na "nitakuwa nikikaa" inaelekea kwenye kuishi mahali. Vitenzi kama vaa, kaa, simama, lala na shika vina tendo fupi linaloacha hali nyuma yake, na hali hiyo tunaibeba kwa -me-. Mtu aliye kitini hatusemi anakaa, tunasema amekaa. Kwa hiyo andika: "Nitakuwa nimevaa gauni la njano, nimekaa karibu na dirisha." Nitakuwa moja inatosha kwa vyote viwili. Kosa hili ninalikuta kila wiki, hata kwa watangazaji, na chanzo chake ni kufikiri kwa Kiingereza kisha kutafuta maneno ya Kiswahili ya kuyafunika mawazo hayo.

Umefanya vizuri kusema mgahawa (wasomaji wetu wa Kenya wangesema mkahawa, yote mawili yana kahawa ndani yake). Hoteli nayo ni mahali pa kula, lakini ina vyumba pia, na shangazi hahitaji kukosa usingizi.

Ukimwona mtu anaangaza macho mlangoni, usimwulize "Wewe ni fulani?" Uliza "Samahani, wewe ndiye fulani?" Ile ya kwanza unaweza kumwuliza abiria yeyote kwenye daladala. Ndiye inamchagua mmoja miongoni mwa wengi, na inamwambia kwamba kulikuwa na mtu anayengojewa, naye ni yeye. Akisikia hivyo atajua amefika.

Na shikamoo? Wapo wake wanaowaamkia waume zao hivyo, nami nawaheshimu. Lakini shikamoo inamweka mtu juu yako, naye analazimika kujibu marahaba kama mimi nilivyokujibu, na baada ya hapo nyote wawili mtapata shida kurudi kwenye usawa. Miaka saba si mingi. Usimwite kaka pia, ingawa kwangu umemwita hivyo, na hapo ilikuwa adabu. Mwambie "Habari za jioni", halafu jina lake.